Bustani Isiyo na Udongo

Nianze kwa kusema wazi: mimi si mtu wa sanaa. Nina licence ya agronomia, nimezaliwa Pweto, pale ziwa Moero linapoachia maji yake yaende na mto Luvua, na miaka yangu ya mwisho ya chuo niliimaliza nikipima udongo ndani ya vifuko vidogo vilivyoandikwa namba. Kwa hiyo rafiki mmoja aliponiambia, "Kuya tuone filamu ya shaba," nilifikiri ni zile filamu za makampuni: kofia mpya za kazi, bendera, mtu wa tai anasoma takwimu. Nilienda juu ya kukosa kazi ya jioni ile.

Haikuwa vile. Tuliingia katika chumba kimoja hapa Lubumbashi, madirisha yamezibwa kwa mapazia meusi, viti vya plastiki, spika pembeni mwa kila kona, na ukuta wa mbele wote ukiwa picha. Filamu yenyewe ni ya Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi, aliyezaliwa 1978. Inaitwa Tales of the Copper Cross Garden, Episode I, yaani hadithi za bustani ya msalaba wa shaba, sehemu ya kwanza. Aliitoa 2017 kwa ajili ya documenta 14, yale maonyesho makubwa yaliyofanyika mwaka ule Athens na Kassel. Wengi wetu tunamjua Baloji kwa picha zake za Mémoire za 2006, ambamo aliwachukua wafanyakazi wa picha za zamani za ukoloni akawasimamisha mbele ya magofu ya viwanda vya Gécamines. Wengine tunamjua kupitia Picha, shirika alilolianzisha na wenzake, ambalo tangu 2008 linatuletea Biennale ya Lubumbashi. Lakini filamu hii sikuwa nimeiona.

Niwaeleze kilichoko ndani. Tuko kiwandani, mahali shaba inapogeuzwa nyaya. Chuma kinatoka motoni kikiwa chekundu, kinapita kwenye mashine, kinarefuka, kinakuwa chembamba, kinajipinda chini kama nyoka, na mwanaume mwenye koleo anakishika kichwa na kukirudisha upande mwingine wa mashine. Kinapita tena. Anakishika tena. Hakuna mtu anayeelezea. Hakuna ingénieur anayesimama mbele ya kamera kutuambia kwamba shaba inayeyuka kwenye nyuzi 1085. Juu ya picha hizo inapanda sauti ya kwaya, nyimbo za kanisa, sauti za watoto wa kiume. Halafu mara kwa mara yanakuja maandishi ya V. Y. Mudimbe, yule mwandishi wetu mkubwa aliyezaliwa Likasi mwaka 1941, wakati mji ule bado unaitwa Jadotville.

Dakika za kwanza nilikasirika, nisiwadanganye. Nilijiambia, tunajua shaba inayeyuka, tunajua kwaya inaimba, sasa vitu hivi viwili vinafanya nini pamoja? Lakini spika zile za pembeni zilikuwa zinafanya kazi yao polepole. Sauti haikuwa inatoka ukutani, ilikuwa inatuzunguka, na kifua kilianza kuisikia mbele ya masikio. Baada ya muda sikuweza tena kutenganisha: koleo lilipokamata shaba, ilikuwa ni kama limekamata wimbo. Shaba inanyooka, sauti inanyooka. Shaba inarudishwa kwenye mstari, sauti inarudishwa kwenye mstari.

Njo pale nilielewa kwaya ile ni ya nani. Ni wale Waimbaji Wadogo wa Msalaba wa Shaba, kwaya ya watoto iliyoundwa na wamisionari Wabenedikto mjini Élisabethville, Lubumbashi ya leo, wakati wa ukoloni. Na msalaba wa shaba si jambo walilolileta wao. Kabla ya mzungu yeyote kufika, wahenga wa Katanga walikuwa wanayeyusha shaba na kuimimina katika mfano wa msalaba. Misalaba ile ilikuwa fedha: ilinunua, ilioa. Imechimbuliwa makaburini kule Sanga, katika bonde la Upemba, imelala pamoja na wafu. Baadaye misheni ikaipa jina la watoto wanaoimba, na kati ya 1960 na 1963 misalaba mitatu ikawekwa kwenye bendera ya Katanga iliyojitenga. Kitu kile kile: mali, kaburi, kanisa, bendera. Kila mwenye nguvu mpya anakiokota na kukivaa.

Sasa niseme ninachokiona kuwa uzuri mkubwa wa filamu hii. Watu wengi wanaposema madini yana nguvu iliyojificha, wanamaanisha umeme ao betri ao bei ya London. Baloji anatafuta nguvu nyingine iliyofichwa ndani ya shaba ile ile: miaka mingi ya kuwanyoosha watu. Kiwanda kilihitaji mtu anayeamka kwa kengele, anayesimama kwenye mstari, anayerudia tendo moja siku nzima bila kuuliza. Misheni ilifundisha hayo kwa sauti tamu. Union Minière iliundwa 1906, tanuru la Lubumbashi likaanza kutoa shaba 1911, na shule na makanisa yakakua pembeni mwa moshi ule. Hakuna sauti katika filamu inayoyasema haya. Unayasikia tu, juu ya namna picha na kwaya vilivyowekwa pamoja. Kwangu mimi hiyo ni kazi iliyofanywa vizuri, na sikuipata katika vitabu vya historia nilivyosoma secondaire.

Tulipofika kama katikati, umeme ukakatika.

Mnajua chumba kinavyokuwa. Kwanza kimya, halafu mtu mmoja akacheka, halafu kila mtu. "Courant ilishaenda!" Tumekaa gizani mbele ya ukuta ambao sekunde moja nyuma ulikuwa umejaa nyaya za umeme. Mwenye chumba akatoka kwenda kuhangaika na groupe. Wengine wakawasha tochi za simu.

Papa mmoja aliyeketi nyuma yangu, mtu wa miaka sabini hivi, akaanza kuongea. Hakuwa anamwambia mtu fulani. Alisema amefanya kazi ya koleo kama ile, miaka mingi, enzi za Gécamines. Akasema: "Banaonyesha muzuri. Lakini makelele iko wapi? Pale kwa mashine hauwezi kusikia mwenzako. Tulikuwa tunaongea na mikono. Ile kwaya, miye sikuisikia hata siku moja." Kijana mmoja akamuuliza, papa, makelele ilikuwa namna gani? Mzee akafikiri kidogo, halafu akaifanya. Kwa mdomo na kwa kisigino chini ya sakafu: mngurumo mrefu, pigo, mngurumo, pigo, na katikati filimbi kali ya chuma kikikwaruza chuma. Aliifanya kwa dakika nzima. Hakuna aliyecheka tena. Kisha akasema masikio yake ya kushoto hayafanyi kazi tangu wakati ule, na akanyamaza.

Groupe ikawaka, filamu ikaendelea, kwaya ikarudi. Lakini mimi nilikuwa nasikia mambo mawili sasa.

Hapa njo penye mjadala ninaotaka tuwe nao kama watu waliosoma. Je, papa yule alikuwa amepata kosa la filamu, ao alikuwa ameeleza maana yake bila kujua? Mtu anaweza kumtetea Baloji hivi: kwaya inafunika makelele makusudi, kwa sababu hata zamani wimbo ulifunika makelele. Watu wa nje walisikia misa nzuri ya Katanga, hawakusikia mashine. Kwa hiyo filamu inakufanyia wewe mtazamaji kile kile walichofanyiwa watu wa Bruxelles: inakupa utamu, halafu inakuacha ujiulize umefichwa nini. Utetezi huo naukubali nusu. Nusu nyingine siikubali, juu ya jambo hili: ili ujiulize umefichwa nini, lazima uwe tayari unajua kwamba kuna kitu. Sisi wa hapa tunajua. Mtu wa Kassel aliyeingia toka mvua, akakaa dakika kumi, akaona moto mwekundu na sikio lake likajaa sauti za watoto, anaweza kutoka akisema "ni nzuri sana" na kwenda kunywa kahawa. Moto una hatari hiyo. Shaba inayowaka ni nzuri hata kwa mtu asiyejali. Mwanaume wa koleo hana jina ndani ya filamu, sauti yake haitufikii. Papa wa nyuma yangu alihitaji umeme ukatike ndipo apate zamu ya kuongea.

Neno langu la pili linatoka katika fani yangu, na njo lililonifanya niandike.

Filamu inaitwa bustani. Jina hilo lina asili yake. Mudimbe alilelewa na Wabenedikto, akawa mwenyewe mmonaki kijana kabla ya kuacha, na katika kitabu chake cha 1994, Les corps glorieux des mots et des êtres, anaeleza maisha hayo kama bustani ya Kiafrika iliyolimwa kwa namna ya Wabenedikto. Mtu yeyote aliyepita misheni anaelewa: njia zilizonyooka, miti iliyopandwa kwa kamba, kengele, saa ya kumwagilia. Na mimi, mtu wa vitalu, naelewa zaidi. Mche katika kitalu haukuulizwa. Unatolewa pale ulipoota, unawekwa kwenye mstari, unapewa kivuli na maji kwa kipimo, na siku ikifika unahamishiwa mahali mwenye bustani anapotaka. Watoto wa kwaya walikuwa miche. Mfano huo ni mkali na wa kweli.

Lakini nilikaa pale nikisubiri bustani yenyewe, ile ya udongo, na haikuja. Filamu inafuata shaba inayoondoka. Chuma, waya, roli, buriani. Mimi nimesomea ile inayobaki.

Shaba haiondoki yote. Kwa miaka mingi bomba kubwa la moshi la Lubumbashi lilitupa vumbi, na pepo zetu nyingi huvuma toka kusini-mashariki, kwa hiyo vumbi lilienda kaskazini-magharibi na kushuka kwenye mitaa ya huko, Penga Penga na kwingine. Pale kulibaki ardhi ambayo karibu haioti kitu. Kitivo chetu cha agronomia, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walifanya majaribio ya kuirudishia majani: chokaa, mboji, na nyasi za Microchloa zinazovumilia shaba. Na juu ya vilima vyetu vya shaba kuna ua dogo, Haumaniastrum katangense, linalokaa penye shaba ambayo ingeua mahindi. Watafuta madini walilitumia kama alama. Jani la mahindi lenye afya lina shaba kiasi cha miligramu 5 mpaka 20 kwa kilo moja. Pungufu sana, mmea unaumwa. Nyingi sana, mizizi inakufa. Nguvu iliyojificha ndani ya kitu, mimi nilifundishwa kuipima hivyo: swali ni kiasi gani, na ndani ya nani.

Kwa kazi yangu ya mwisho wa masomo nilipima lenga-lenga za mama mmoja upande huo wa upepo. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaniacha nikate majani yake na kuchimba tuta lake bila malipo. Matokeo yalipotoka nikarudi kumsalimia. Akauliza swali moja tu: "Mutoto, weye unasoma ku université. Tukule ao tusikule?" Nikaanza kumwelezea habari za viwango, wastani, na kwamba sampuli zilikuwa chache. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Halafu akasema, "Sawa," akainama kuendelea kung'oa magugu, kwa sababu kesho yake ilikuwa siku ya soko. Nilipata alama nzuri. Swali lake nililiacha palepale kwenye tuta.

Kwa hiyo nilipokuwa naikosoa filamu moyoni, kwamba imefunika makelele kwa wimbo mzuri, nilijisikia aibu kidogo. Mimi pia nilikuwa na wimbo wangu. Wangu uliitwa wastani na viwango, ulikuwa na sauti ya usomi, na ulifunika vizuri. Sidhani filamu ya kawaida yenye maelezo ingenifanya nikumbuke tuta lile. Ilihitajika filamu inayokataa kueleza, na mzee aliyekataa kuikubali.

Nimesema haina udongo. Sitaki mfikiri kwamba msanii anadaiwa kila kitu. Lubumbashi ina wengine wanaoshika upande mwingine wa shaba. Jean Katambayi Mukendi, aliyezaliwa hapa 1974, mtu aliyesomea umeme, anajenga mashine kwa makaratasi magumu, nyaya na vipande vya vyombo vilivyokufa, na anachora kwa kalamu mfululizo wa balbu anazoziita Afrolampe. Ukimtazama Katambayi unacheka kwanza, halafu unauliza kwa nini nchi yenye shaba ya kutengeneza nyaya za dunia inahitaji kuchora taa. Kazi yake haikuzungushi kwa sauti na giza, inakuacha usimame, uhesabu mizunguko ya waya. Ukiziweka pamoja, Baloji anaonyesha namna waya unavyozaliwa, na Katambayi namna mtu wa hapa anavyoishi na kipande kilichobaki. Bado ninamsubiri wa tatu, atakayeinama chini kwenye tuta.

Tena kuna jambo la njia ambazo waya unapita. Laini ya Inga mpaka Kolwezi, iliyomalizwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ina urefu wa kilomita kama 1,700. Ilijengwa kulisha migodi na viwanda vya Katanga, na inapita juu ya vijiji vingi ambavyo usiku vinawasha kibatari. Kwetu Pweto pia shaba imepita: madini ya Dikulushi yalishuka mpaka Kilwa na kuvuka ziwa kwenda Zambia. Nyumbani kwetu, shaba ninayoweza kuigusa ni kipande cha waya cha mita tatu hivi, kinachoshuka kutoka kwenye panneau ya jua juu ya bati mpaka kwenye balbu moja ya sebuleni. Mama anakifuta vumbi kila Jumamosi kama vile anavyofuta picha ya ukutani. Baada ya filamu ile siwezi tena kukitazama bila kuona koleo.

Hukumu yangu, basi. Tales of the Copper Cross Garden ni kazi kubwa, na ubora wake uko kwenye sikio zaidi kuliko kwenye jicho. Muione kwenye chumba chenye giza na spika nzuri. Kwenye simu itakuwa video ya kiwanda yenye muziki, mtachoka dakika ya tano. Udhaifu wake ni kwamba inamwamini mno mtazamaji, na uzuri wa moto unaweza kumbeba mtazamaji huyo mbali na mtu mwenye koleo. Dawa yake si kuongeza maelezo ndani. Dawa yake ni kuionyesha mahali ambapo chumba kimejaa watu kama papa yule, na mwisho wa filamu taa ziwashwe, wao wapewe nafasi mbele ya sisi wenye diplome.

Mimi nilirudi kwa yule mama wa lenga-lenga, wiki mbili baadaye. Nilimwambia kwa kifupi, kwa Kiswahili chetu: majani ayaoshe kwa maji mengi mara mbili tatu, maana sehemu kubwa ya ubaya inakaa na vumbi juu ya jani, tuta la kando ya barabara asilipande mboga za majani tena, matuta mengine tuyanyanyue kwa udongo wa kuletwa, mboji na chokaa, na nitapima upya. Hakunishukuru sana. Aliuliza udongo wa kuletwa utaletwa na nani.

Tumeshaleta magunia kumi na mawili kwa kinga. Yanahitajika kama arobaini. Ndugu wa chama mwenye kamioneti na Jumamosi moja ya bure, aniambie. Na mwenye projekta, tuongee habari ya Pweto.